Aliyekaa na Televisheni Miaka Mitano



Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Leo nataka tuuchukue msemo huo tuingie nao sebuleni, tuuweke mbele ya televisheni. Katika nyumba nyingi hicho ni kimojawapo cha vifaa vya bei kubwa, na ndicho kinachonunuliwa kwa kuuliza kidogo kuliko vyote. Mtu anaingia dukani, anaona picha inang'aa, anatoa fedha, anabeba. Waliomshauri ni muuzaji na tangazo. Yule aliyekwisha kuilipia, akaikalia usiku baada ya usiku, hakuulizwa neno.

Huyo ndiye ninayemtetea leo: mwenye mali. Na ili nisizungumze hewani, nimechagua aina moja ya televisheni ambayo safari yake ilikwisha, kwa sababu kitu kilichokwisha unaweza kukipima toka mwanzo hadi mwisho. Ni zile televisheni kubwa za projekta zilizojaa majumbani huko Marekani, hasa kati ya mwaka 2000 na 2012. Kwetu hazikuenea sana, lakini yaliyosemwa na wenye nazo yanatuhusu hata sisi tunaonunua televisheni bapa za leo.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Projekta tunayoijua sote ni ile ya kwenye ukumbi wa mikutano au kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira: inakaa mbele ya ukuta, inarusha picha ukutani, na ukipita katikati kivuli chako kinaonekana. Televisheni ninayoisema imeificha projekta hiyo ndani ya kabati. Chini ya kabati kuna chanzo cha mwanga mkali. Mwanga wake unapandishwa juu, unagonga kioo kikubwa kilichoegemea mgongoni mwa kabati, unarudi mbele na kuipiga skrini kutoka nyuma. Wewe uliyekaa kwenye kochi unaona picha tu, huoni safari yote hiyo.

Za mwanzo zilikuwa na mirija mitatu ya picha, mmoja wa rangi nyekundu, mmoja wa kijani na mmoja wa buluu. Picha tatu zilipaswa kulaliana sawasawa kwenye skrini. Zikipishana hata kidogo, maandishi yanaota kingo za rangi na nyuso za watu zinakuwa na ukungu. Kwa hiyo mwenye televisheni alikaa na rimoti mkononi, mbele yake mistari ya msalaba, akizisogeza rangi moja moja mpaka zikutane. Kabati lenyewe, kwa zile kubwa, lilipita kilo 100. Kuhamia nyumba nyingine nayo kulihitaji wanaume wanne na mlango mpana.

Halafu ikaja teknolojia iliyobadili mambo. Mwaka 1987, katika kampuni ya Texas Instruments, mwanafizikia Larry Hornbeck alibuni chipu yenye vioo vidogo mno, vidogo kiasi kwamba jicho tupu haliwezi kuona kimoja kimoja. Kila kioo kinainama huku na huku maelfu ya mara kwa sekunde, ama kinaupeleka mwanga kwenye skrini, ama kinautupa pembeni. Vikikaa pamoja mamia ya maelfu ya vioo hivyo, vinachora picha. Mbele ya chipu linazunguka gurudumu dogo lenye rangi, likiupaka mwanga mweupe rangi nyekundu, kijani na buluu kwa zamu, upesi kiasi kwamba ubongo unaziunganisha. Teknolojia hiyo inaitwa DLP. Ndiyo iliyokuja kuingia kwenye kumbi za sinema ulimwenguni, na mwaka 2015 Hornbeck alipewa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Katika televisheni za nyumbani, chipu hiyo iliondoa mirija mitatu, ikapunguza uzito, na ikauruhusu ukubwa ukue.

Sasa, wenye nazo walisema nini?

Jambo la kwanza waliloliweka mbele ni ukubwa kwa bei. Mwishoni mwa mwaka 2006, Panasonic iliuza televisheni bapa ya plasma ya inchi 103 kwa takriban dola 70,000. Hiyo ni bei ya nyumba katika miji mingi. Miaka mitano baadaye, mwaka 2011, Mitsubishi ilitoa televisheni ya projekta ya inchi 92 kwa dola zinazokaribia 6,000, na za inchi 73 zilifika mahali zikauzwa chini ya dola 1,500. Inchi 73, kona hadi kona, ni mita moja na sentimita 85: urefu wa mtu mzima mrefu akilala mshazari. Kwa mfanyakazi wa kawaida, aliyetaka wanawe waone filamu kama wako sinema na wenzake waje kuangalia mpira wa Kimarekani Jumapili, hapakuwa na televisheni nyingine ya ukubwa huo aliyoweza kuimudu kwa mshahara wake.

La pili, walisifu picha yenyewe. Skrini nyingi za aina hii hazikuwa na kioo cha kumeremeta mbele, hivyo dirisha la nyuma ya kochi halikujichora juu ya filamu. Wakikaa mahali panapofaa, taa za sebule zimepunguzwa, walisema macho hayachoki. Na tofauti na zile za mirija mitatu, ambazo nembo ya kituo au ubao wa magoli ukikaa muda mrefu ulijichapa kwenye mirija usitoke, hizi za DLP hazikuchapwa. Vijana wa michezo ya video wakacheza saa nyingi bila hofu hiyo.

Lakini mwenye mali mkweli hasifu tu. Walisema pia kwamba ukisimama, picha inafifia. Sababu yake ipo. Skrini ya projekta imetengenezwa kwa mistari myembamba inayokusanya mwanga na kuupeleka zaidi kushoto na kulia, walipokaa watu, na kidogo sana juu na chini. Hivyo mama anayeangalia akiwa amesimama jikoni, au mtoto aliyejilaza sakafuni karibu na meza, anaona picha yenye kiza, na yule aliyekaa kwenye kochi anashangaa wanalalamikia nini. Walisema mchana, pazia likiwa wazi, rangi zinapauka. Walisema baadhi yao, si wote, wakigeuza macho haraka wanaona cheche za rangi kama upinde wa mvua pembeni mwa kitu cheupe, kwa sababu ya lile gurudumu linalopokezana rangi. Walisema feni inasikika filamu inapokuwa kimya. Walisema ukiwasha, unasubiri taa ipate moto kabla picha haijakolea.

Na juu ya yote, walisema habari ya taa.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye somo. Taa ya televisheni hizi si balbu ya kawaida. Ni kijichupa kigumu cha kioo chenye mvuke wa zebaki ndani, na ikiwaka, mgandamizo ndani yake unafika kama mara 200 ya ule wa hewa tunayovuta. Taa ya namna hiyo inachakaa, hilo halikwepeki. Chukua taa ya saa 5,000. Nyumba inayowasha televisheni saa tano kwa siku itaimaliza kwa chini kidogo ya miaka mitatu. Nyumba ambayo televisheni inawaka toka asubuhi hadi watu wanalala, itaimaliza kwa mwaka mmoja hivi. Na bei yake, pamoja na kasha lake, mara nyingi ilikuwa kati ya dola 100 na 200.

Sasa sikiliza namna watu wawili wanavyoweza kulieleza jambo hilo hilo. Mmoja hakuambiwa dukani kwamba taa inaisha. Siku picha ilipozimika ghafla katikati ya mechi, alidhani televisheni imekufa. Akaita fundi, akalipia safari ya fundi, akalipia taa kwa bei ya juu, na tangu siku hiyo akasema ametapeliwa. Mwingine alisoma kitabu cha maelekezo. Taa yake ilipoanza kufifia, aliagiza mpya mapema, akaiweka kabatini. Siku ilipokatika, alichomoa waya ukutani, akasubiri ipoe, akafungua kifuniko kidogo kwa bisibisi, akalegeza skrubu za kasha, akalivuta nje kwa mkono wake. Akaichopeka mpya bila kukigusa kioo kwa vidole, maana mafuta ya ngozi yakibaki juu ya kioo, sehemu hiyo inapata joto kupita kiasi na taa inaweza kupasuka. Akafunga, akawasha, akarudisha hesabu ya saa za taa kwenye sifuri. Kazi ya dakika chache. Na alipoiangalia picha alisema televisheni yake imerudi kama siku alipoinunua.

Televisheni ni ile ile na taa ni ile ile, ila maoni yanapingana kabisa. Nani msema kweli? Wote wawili. Wa kwanza anatuambia namna alivyouziwa, na wa pili anatuambia namna kifaa kilivyotengenezwa. Msikilizaji makini anawasikiliza wote wawili, na anajua kila mmoja anajibu swali gani.

Na wapo waliotuonya juu ya jambo zito zaidi ya taa. Katika baadhi ya televisheni hizi, baada ya miaka kadhaa, kilianza kujitokeza kidoti kimoja cheupe kwenye skrini. Baada ya wiki, viwili. Baada ya miezi, skrini nzima inaonekana kama anga yenye nyota, hata mtangazaji wa habari ana nyota usoni. Vile vioo vidogo vya Hornbeck vilikuwa vinakwama mahali pamoja, haviinami tena. Lawama nyingi zilielekezwa kwenye joto la miaka mingi, hasa pale vumbi lilipoziba njia ya hewa na feni ikashindwa kupoza. Kidoti hicho hakiondoki kwa kubadilisha taa. Kinataka chipu mpya, na kuifikia chipu kunataka kulitoa tumbo lote la projekta nje. Wapo wenye ujasiri walioagiza chipu wakaibadilisha wenyewe mezani. Wengi walikwenda kununua nyingine.

Ndiyo maana nasema maoni ya mwenye mali yana umri, nasi tuujue umri huo kabla ya kuyabeba. Mtu wa wiki ya kwanza anazungumzia furaha yake na ukubwa wa skrini. Huyo hasemi uongo, lakini bado hajafika penye majaribu. Mtu wa mwaka wa tatu anazungumzia taa. Mtu wa mwaka wa tano au wa saba anazungumzia feni, vumbi, vidoti, vipuri, na kama kampuni ilipokea simu yake au la. Ukitaka kujua utaishi vipi na kifaa, mtafute huyo wa mwisho. Maneno yake ni machache, lakini yameshalipiwa.

Sasa mtu ataniuliza: kama watu hawa walizipenda hivyo, mbona zimetoweka? Mwishoni mwa mwaka 2007 Sony ilitangaza kwamba inaacha kuzitengeneza. Samsung ikafuata mwaka uliofuata. Mitsubishi ilibaki peke yake sokoni, mpaka nayo ikaacha mwishoni mwa mwaka 2012. Njiani zilijaribiwa dawa nyingi. Mwaka 2006 Samsung ilitoa televisheni ya DLP inayotumia LED, isiyo na taa ya kubadilisha wala gurudumu la rangi. Mwaka 2008 Mitsubishi ikatoa ya inchi 65 inayotumia mwanga wa leza, kwa dola karibu 7,000. Haikusaidia. Bapa zilikuwa zinashuka bei kila mwaka, na bapa unaitundika ukutani.

Lakini ipo sababu nyingine, nami naiona ni kubwa kuliko inavyosemwa. Televisheni ya projekta ilihukumiwa dukani, na dukani ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kuihukumu. Duka lina taa kali darini, televisheni hii ilitengenezwa kwa sebule yenye mwanga wa kiasi. Mteja dukani anasimama, yenyewe ilitengenezwa kwa mtu aliyekaa. Pembeni yake zimepangwa bapa zilizowekwa mwanga wa juu kabisa, ili zivute macho ya mpita njia. Kwa hiyo mteja alikiangalia kifaa katika hali ambayo hatakitumia hata siku moja, akakiacha. Wahenga hao hao walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini katika duka lenye taa kali kama jua, chema hakipati nafasi ya kujiuza. Aliyejua wema wake ni yule aliyekuwa nacho nyumbani, na huyo hakuwepo dukani kusema.

Tuje kwetu. Wapo ndugu zetu walioko Marekani na Kanada ambao bado wanaona televisheni hizi zikitolewa bure au kwa bei ya kutupa, wakafikiria kupakia moja kwenye kontena ije nyumbani. Nawasihi wafikiri mara mbili. Umeme wa huko ni volti 120, wetu ni volti 230 hadi 240, hivyo lazima uwe na transfoma ya kushusha umeme yenye nguvu ya kutosha. Mfumo wao wa kupokea matangazo ya dijitali si huu wetu ambao Tanzania ilianza kuuhamia mwishoni mwa mwaka 2012, hivyo bila king'amuzi cha kuunganisha kwa waya hutapata kituo chochote. Taa zake hazipatikani kwa urahisi madukani kwetu. Na taa yenye joto kali namna ile inataka feni iendelee kuipoza baada ya kuzima. Umeme ukikatika ghafla, feni inasimama wakati taa bado ni moto, na umri wake unapungua. Zaidi ya yote, siku itakapokufa, zebaki iliyomo kwenye taa na kabati lote litabaki mikononi mwako, katika mji ambao si rahisi kupata pa kuvipeleka.

Kwa hiyo siwaambii mtafute televisheni za projekta. Ninachotaka mchukue ni kipimo walichotuachia wenye nazo. Wengi waliodumu nazo miaka kumi walizipenda kwa sababu kitu kinachochakaa kiliwekwa mahali ambapo mkono wa mwenye mali unafika. Kampuni ilikubali wazi kwamba taa itaisha, ikaweka kifuniko, ikaweka skrubu, ikaandika hatua za kufuata. Hiyo ni heshima kwa mnunuzi.

Linganisha na bapa iliyopo sebuleni kwako. Nayo, kama zilivyo nyingi, ina taa nyuma ya skrini, mistari ya LED, nazo zinakufa. Sauti inasikika, picha hakuna, na ukimulika kwa tochi unaona kivuli cha picha kwa mbali. Lakini hakuna kifuniko kwa ajili yako. Kuzifikia ni kuing'oa skrini yenyewe, kioo chembamba ambacho kikipata ufa hakitengenezeki. Tunawashukuru mafundi wetu, wa Kariakoo, wa Luthuli Avenue pale Nairobi na wa mitaani kote, wanaozitoa skrini hizo kwa mikono miwili na pumzi ya kuhesabu, wakabadilisha mistari ya LED na kumrudishia mtu televisheni yake. Wanafanya kazi ambayo mtengenezaji alipaswa kuirahisisha.

Basi kuuliza si ujinga. Kabla hujanunua televisheni, ya ukubwa wowote na ya jina lolote, mtafute mtu aliyekaa nayo miaka mitano. Muulize mambo matatu. La kwanza: ni kitu gani kilichakaa mapema? La pili: kipuri chake ulikipata wapi, na kwa bei gani? La tatu: nani aliyekiweka, wewe mwenyewe, fundi wa mtaani, au ilibidi uirudishe kwa wakala na kusubiri? Halafu nenda kwa fundi unayemwamini, umuulize ni majina gani yanayoletwa kwake kila wiki na yanarudi na ugonjwa gani. Fundi ana ushahidi wa nyumba mia, wala hauzi televisheni.

Na wewe ambaye tayari unayo, jirani akikuuliza, usimwambie tu kwamba ni nzuri au ni mbaya. Mwambie umeinunua lini, mnaiwasha saa ngapi kwa siku, inakaa chumba chenye mwanga gani, iliharibika nini na ilikugharimu kiasi gani kuitengeneza. Mwambie pia unachokipenda, maana hilo nalo ni ushahidi. Maneno hayo yakizunguka mtaani kwa ukweli, kampuni itakayotuletea kifaa kisichotengenezeka itakuta wanunuzi wamekwisha kujua, na ile itakayotuwekea kifuniko na skrubu itapata soko bila tangazo.